Ukiulizwa Unatumia Dawa Gani, Utaje na Mlonge

Kuna swali ambalo sisi wafamasia hulirudia dirishani kutwa nzima, na jibu lake la kwanza karibu kila mara huwa pungufu. "Mama, ukiacha hizi za hospitali, kuna dawa nyingine unakunywa?" Jibu ni hapana. Lakini ukiuliza kwa njia nyingine, ukataka kujua asubuhi anaweka nini kwenye uji na usiku analala amekunywa nini, mambo hufunguka: "Hapana dokta, dawa situmii. Natia unga wa mlonge tu kwenye uji, na mafuta ya habasoda kijiko kimoja usiku. Na zile kalisiamu alizoniletea binti yangu kutoka Dubai."

Mama huyu hadanganyi. Kwake dawa ni ile iliyoandikwa na daktari kwenye karatasi. Mlonge ni majani ya uani, habasoda ni kitu cha nyumbani tangu enzi za bibi yake, na kopo la kutoka nje ni vitamini. Sina nia ya kumkataza hata kimoja, maana baadhi ya vitu hivyo vina faida ya kweli. Ninachotaka ni kimoja: kila kinachoingia mwilini kwa nia ya kuleta afya kitajwe mbele ya anayempa dawa, kwa sababu vyote vinakutana kwenye utumbo mmoja na ini moja.

Nianze na madini, maana hapo mgongano hutokea bila dalili yoyote ya kumshtua mtu. Kidonge cha TLD, ambacho watu wazima wengi wanaoishi na VVU Tanzania na Kenya hukitumia, kina dawa tatu, na mojawapo ni dolutegraviri miligramu 50. Dawa hii huzuia kimeng'enya ambacho virusi hukitumia kujipachika kwenye vinasaba vya seli. Huzuia kwa kung'ang'ania magnesiamu iliyomo ndani ya kimeng'enya hicho. Tabia hiyo hiyo ya kung'ang'ania madini ndiyo inayoiponza tumboni. Ikikutana na chuma, kalisiamu, zinki, magnesiamu au aluminiamu kabla haijafyonzwa, hushikamana nayo, na kilichoshikamana hivyo utumbo hauwezi kukipitisha kwenda kwenye damu. Mtu amemeza dawa yake kwa uaminifu, kwa saa ile ile, na sehemu kubwa inatoka chooni.

Si jambo dogo. Watu wenye afya waliojitolea kwa utafiti walipomeza dolutegraviri pamoja na kidonge cha chuma bila kula, kiasi cha dawa kilichofika kwenye damu kilipungua kwa asilimia 54. Kwa kalisiamu kilipungua kwa asilimia 39. Kwa dawa ya kiungulia yenye magnesiamu na aluminiamu kilipungua kwa asilimia 74. Sasa mfikirie mama mjamzito anayehudhuria kliniki. Kapewa vidonge vya kuongeza damu, kapewa na kalisiamu ili kumpunguzia hatari ya kifafa cha mimba, kiungulia cha ujauzito kinamsumbua hivyo anatafuna vile vidonge vyeupe vya dukani, na TLD anameza kama kawaida. Kila alichokitumia kina sababu yake. Shida ni kwamba vyote amevimeza alfajiri, tumbo tupu, kwa maji ya glasi moja, awahi daladala.

Dawa ya tatizo hili ni saa, na haigharimu kitu. TLD imezwe saa 2 kabla ya vidonge vya chuma au kalisiamu, au saa 6 baada yake. Asiyeweza kuhesabu saa hizo anaruhusiwa kumeza vyote pamoja ilimradi iwe pamoja na mlo, mlo wa kweli, si kikombe cha chai. Lakini ruhusa hii ya chakula haihusu dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu. Hizo lazima zitenganishwe kwa saa zile zile hata kama mtu ameshiba. Kanuni ya kutenganisha inazihusu pia siprofloksasini na doksisaiklini, ambazo watu wengi hupewa kwa UTI na maambukizi mengine, pamoja na dawa za tezi ya shingo. Saa za kila moja zinatofautiana, kwa hiyo ziulizwe.

Na hicho kidonge cha damu chenyewe kinahitaji kutunzwa kisiharibiwe kazi. Chai ya rangi, kahawa na maziwa hupunguza chuma kinachofyonzwa. Udongo ambao wajawazito wengi huutafuna nao hukizuia. Machungwa na mapera hukisaidia, kwa sababu ya vitamini C. Pera moja la wastani humpa mtu mzima vitamini C ya siku nzima na zaidi, kwa hiyo sioni haja ya mama mwenye mpera uani kununua kopo la vidonge vinavyochemka kwenye maji. Tena vingi vya aina hiyo vina sodiamu ya kutosha kumsumbua mwenye presha. Choo kikibadilika kuwa cheusi wakati wa kumeza chuma, usitishike, ni kawaida.

Jambo jingine kuhusu chuma linanikera kuliko yote, kwa kuwa linawagusa watoto. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Mtoto wa selimundu huwa amepauka, kipimo cha wingi wa damu kiko chini, na mzazi mwenye uchungu anakwenda duka la dawa kununua dawa ya maji ya kuongeza damu. Karibu zote zina chuma. Lakini mtoto huyu damu haipungui kwa kukosa chuma. Inapungua kwa sababu chembe zake nyekundu zinavunjika mapema, na chuma kilichokuwa ndani yake kinabaki mwilini. Akiongezewa damu hospitalini, kila chupa ya mtu mzima inaingiza miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili wa binadamu hauna njia ya kukitoa kinachozidi; hupoteza takribani miligramu 1 tu kwa siku. Kinachobaki hujikusanya kwenye ini na moyo. Mtoto wa selimundu anahitaji foliki, na chuma apewe tu pale vipimo vinapoonyesha amepungukiwa. Mwenye duka asipouliza, mzazi useme mwenyewe: mwanangu ana selimundu.

Na kwa nyumba yoyote yenye mtoto mdogo: vidonge vya chuma vifungiwe juu. Vingi vina rangi na utamu wa juu kama peremende. Vidonge 10 vyenye miligramu 60 za chuma kila kimoja ni miligramu 600, na kwa mtoto wa kilo 10 hicho ni kiwango kinachoweza kuua. Akimeza, mkimbize hospitali hapo hapo, hata kama anacheza. Sumu ya chuma ina kipindi ambacho mtoto huonekana amepata nafuu kabla ya hali kuwa mbaya tena.

Mgongano wa mimea uko tofauti, na ndio wengi hawauamini. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada waliokuwa wakichunguza dawa ya presha na pombe walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe. Wakashangaa kuona dawa imepanda kwenye damu kuliko walivyotarajia, na ilipofuatiliwa ikaonekana pombe haihusiki, ni balungi. Tunda hilo huzima kimeng'enya kilichomo kwenye ukuta wa utumbo ambacho kazi yake ni kuvunja sehemu ya dawa kabla haijaingia. Kikizimwa, kidonge kimoja kinageuka kuwa kama viwili au vitatu. Hapa kutenganisha saa hakusaidii, kwa sababu athari yake hudumu zaidi ya siku nzima. Wanaotumia simvastatini kwa ajili ya lehemu, au nifedipini kwa presha, waliache balungi. Chungwa la kawaida halina tatizo hilo.

Mlonge na habasoda vina mgongano wa aina nyingine, wa kusukuma upande mmoja. Yapo majaribio madogo yanayoonyesha vinaweza kushusha sukari kidogo. Habari njema, ila si kwa mzee anayemeza glibenklamidi kila asubuhi, halafu siku moja mwanawe anamletea pakiti ya unga wa mlonge, anaanza vijiko vitatu kwa siku na kupunguza ugali kwa kuwa kasikia wanga ni mbaya. Sukari inaanguka usiku: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Mzee wangu, ukiutaka mlonge, tumia, lakini anza kidogo, usibadilishe kiasi kila wiki, pima sukari mara nyingi zaidi katika majuma ya mwanzo na mwambie daktari wako, maana huenda dawa ndiyo inayostahili kupunguzwa. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda ana sababu ya ziada ya kusema, kwa kuwa majani ya kijani yana vitamini K, ambayo hupingana na dawa hiyo. Na kila anayesubiri upasuaji ataje vitunguu saumu vya vidonge, tangawizi ya unga na mafuta ya samaki, kwani huweza kuongeza utokaji wa damu. Vitunguu vya kwenye mchuzi havina neno.

Nakiri kwamba wakati mwingine watu wetu wa hospitali ndio wanaofunga midomo ya wagonjwa. Mtu akitaja dawa ya miti shamba anafokewa, na kesho yake hasemi tena. Ni kosa. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, kuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na kuna taasisi nzima ya tiba asili pale Muhimbili. Mmea wa artemisia, uliotumika China kwa karne nyingi, ndio uliotupa dawa mseto ya malaria, na Tu Youyou akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya majani hayo, kwa sababu kiasi cha dawa kwenye kila kikombe hakijulikani, na dozi pungufu huwapa vimelea nafasi ya kuwa sugu.

Kinachonitia hofu zaidi ni chupa na unga usio na jina la mtengenezaji, namba ya usajili wala tarehe. Maabara katika nchi nyingi zimekuta sildenafili, dawa halisi ya hospitali, imechanganywa kwenye bidhaa za kuongeza nguvu za kiume zilizoandikwa kuwa ni mimea mitupu. Mwanamume mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akinywa hicho, presha inaweza kuporomoka akafa. Kwenye dawa za magoti na za kunenepesha wamekuta deksamethasoni. Dalili zake uzijue: maumivu ya miaka yanakwisha kwa siku mbili, hamu ya kula inapanda, uso unajaa na kuwa mviringo, sukari inapaa. Ukijiona hivyo usiiache ghafla peke yako, kwa sababu mwili unaweza kuwa umeshaacha kutengeneza homoni yake. Nenda hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Makopo ya Ulaya na Marekani nayo yasitupumbaze. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, mtengenezaji wa virutubisho halazimiki kuthibitisha kwa serikali kwamba vinafanya kazi kabla ya kuviuza. Na vitamini nyingi haina maana ya afya nyingi. Nchini Finland wanaume 29,133 wavutaji wa sigara walifuatiliwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 1994. Waliopewa beta-karotini, kirutubisho kile kile kinachopatikana kwenye karoti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Mjamzito asizidishe mikrogramu 3,000 za vitamini A iliyo tayari kwa siku, kwani ikizidi inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Ukiwa na makopo mawili, soma nyuma yote mawili ujumlishe.

Kama kuna kirutubisho kimoja ambacho ningewaomba mabinti zetu wanunue bila kusita, ni foliki, mikrogramu 400 kila siku, waianze walau mwezi mmoja kabla ya kubeba mimba. Inapunguza sana uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za kwanza baada ya mimba kutunga, wakati ambapo wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito, na kliniki wengi wetu huanza miezi mitatu baadaye. Vidonge hivi ni vya bei nafuu na havina mgongano na TLD, mradi visiwe vile vilivyochanganywa na chuma.

Kwa hiyo siku ya kliniki, tia kwenye mfuko kila unachokitumia: kopo, chupa, pakiti ya unga, hata mizizi. Viweke vyote dirishani pamoja na cheti chako. Hakuna ada ya kuuliza, na mfamasia atakayekufokea kwa ajili ya mlonge, mwombe akuitie mwenzake.