Liquor, tembo au kileo? Neno la kale linavyompotosha msomaji wa leo

Mwanafunzi wa shule ya upili huko Sironga, kaunti ya Nyamira, akiulizwa maana ya methali “Mgema akisifiwa tembo hulitia maji”, huenda akaanza kwa kujiuliza ndovu ameingiaje kwenye maji. Hana hatia. Tembo anayemjua ni yule mnyama mwenye mkonga, aliyechorwa hata kwenye chupa za bia ya Tusker. Tembo la mgema, yaani pombe inayotokana na utomvu wa mnazi, ni kinywaji cha Pwani, na hata huko Mombasa na Kilifi wanywaji wengi siku hizi hukiita mnazi tu.

Ufunguo wa methali hiyo umo katika sarufi yake. Neno “hulitia” lina kiambishi cha ngeli ya kitu kisicho na uhai. Lau angekuwa mnyama, wahenga wangesema “humtia”. Lakini msomaji wa gazeti hana wakati wa kuchambua viambishi ili kujua kilichonywewa. Hapo ndipo linapozuka swali: je, inafaa mwandishi wa leo kutumia majina ya kale ya vinywaji?

Tatizo hili halikuanzia kwenye Kiswahili, na mfano wake ulio wazi ni neno la Kiingereza “liquor”. Asili yake ni Kilatini, ambako lilimaanisha kioevu chochote, na Waingereza wenyewe waliwahi kulitumia kwa maana hiyo pana kabla ya kulifungia kwenye vileo. Siku hizi Mmarekani akilitamka humaanisha pombe kali iliyokenekwa, wala si bia wala divai.

Nchini Kenya neno hilo liliingia kupitia sheria za mkoloni, zilizotenga pombe ya wenyeji na ile ya Wazungu. Baada ya uhuru lilibaki katika sheria ya leseni, Sura ya 121, ambamo lilikusanya bia, divai na pombe kali kwa pamoja. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, maarufu kama sheria ya Mututho, kutokana na jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Jina la Kiingereza la sheria hiyo mpya liliacha neno la kale na kutaja vinywaji vyenye alkoholi waziwazi. Hata hivyo, wako waandishi ambao bado huandika “liquor”, na watafsiri wanaoligeuza kuwa “mvinyo” bila kufikiri.

Mvinyo nalo lina historia yake. Lilitoka kwa Wareno, waliokiita kinywaji cha zabibu “vinho”. Katika Kiswahili lilipanuka hadi kumaanisha pombe kali kwa jumla, huku baadhi ya waandishi wakilitumia kwa kinywaji cha zabibu pekee. Divai, kwa upande wake, ina asili ya Kifaransa, nayo humaanisha kinywaji cha zabibu bila utata. Kileo limezaliwa humu humu, kutoka kitenzi “kulewa”, nalo hukusanya chochote kinacholevya.

Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya Union, iliyotolewa mwaka 1952, ina mvinyo, divai na kileo yote matatu. Pale ambapo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilisema “kinywaji chenye nguvu”, watafsiri walitumia kileo, na hawakukosea.

Katika eneo la Gusii jambo hili lina uzito wake. Wakatoliki hutumia divai katika misa, ilhali Waadventista wa Sabato, ambao ni wengi huko, hutumia maji ya zabibu yasiyochacha katika meza ya Bwana. Mwandishi akisema kwamba waumini wa makanisa yote mawili “walishiriki mvinyo”, atakuwa amewatwika Waadventista jambo ambalo imani yao inalikataza.

Vivyo hivyo kwa vinywaji vya kienyeji. Abagusii wana amarwa, pombe ya wimbi na kimea ambayo wazee waliinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Anayeiita bia anaipunguzia heshima, na anayeiita chang'aa anapotosha kabisa. Amarwa huchachushwa, chang'aa hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa kinywaji kikali.

Tofauti hiyo inaweza kuokoa maisha. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014 msiba kama huo uliwaua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Methanoli haitambuliki kwa macho ndani ya pombe, na kiasi kidogo tu huharibu mishipa ya macho. Onyo linalosema “jihadharini na mvinyo” halimsaidii mnywaji wa chang'aa, kwa kuwa atadhani wanaonywa matajiri wenye chupa za zabibu. Onyo la “pombe haramu” nalo lina walakini, kwani sheria ya 2010 ilihalalisha chang'aa inayotengenezwa kwa leseni na kutiwa kwenye chupa za glasi. Msomaji anahitaji kuambiwa ni kinywaji gani, kimetoka wapi na kimewekwa ndani ya chombo gani.

Je, maneno ya kale yatupwe? La hasha. Tembo lina makao yake katika methali, ushairi na hadithi za Pwani, na kuliondoa humo ni kung'oa jino zima. Mwandishi wa riwaya inayosimulia Lamu ya karne ya 19 ana haki ya kuwamiminia wahusika wake tembo. Katika maandishi ya aina hiyo neno la kale huupa wakati sura yake, na mazingira ya hadithi humwongoza msomaji asipotee.

Katika habari, sheria na maonyo ya afya, kanuni ni nyingine. Kinywaji kitajwe kwa jina ambalo wanywaji wenyewe hukiitia: bia, busaa, chang'aa, amarwa, mnazi. Kikiwa cha zabibu, divai yatosha. Panapotakiwa neno la kukusanya vyote, kileo au pombe litafaa. Na mwandishi akishikilia kutumia tembo au mvinyo, basi aongeze maneno mawili matatu ya kufafanua, ili mwanafunzi wa Sironga na mzee wa Kilifi wasome sentensi moja na kuona chombo kimoja mbele yao.