Usimkatie mtoto tembe yako

MTOTO akishatolewa mafindofindo, wazazi wengi hudhani kwamba hatari imebaki katika chumba cha upasuaji. Lakini koo huuma kwa wiki moja hadi mbili, na dawa anayopewa nyumbani inaweza kumfaa au kumdhuru.

Kwa miaka mingi, madaktari katika nchi kadhaa waliwapa watoto kodeni. Dawa hii hutuliza maumivu baada ya ini kuigeuza kuwa mofini. Kwa bahati mbaya, miili haifanani. Kuna watu ambao, kwa maumbile, huigeuza haraka mno. Hali hii huonekana zaidi miongoni mwa watu wa Ethiopia na Waarabu kuliko Wazungu. Mtoto wa aina hiyo, hata akipewa kipimo sawasawa na maagizo ya daktari, huweza kulala usingizi mzito na pumzi zikapungua hadi zikakatika.

Baada ya vifo vya watoto kadhaa, idara inayosimamia dawa Marekani, FDA, ilikataza mwaka wa 2013 kodeni kupewa watoto waliotolewa mafindofindo. Mwaka wa 2017 ilisema kodeni isipewe mtoto yeyote wa chini ya miaka 12. Tramadoli nayo ilikatazwa kwa wote wa chini ya miaka 18 baada ya upasuaji huo.

Mzazi afanye nini basi? Dawa ya kwanza ni parasetamoli. Hupimwa kwa uzani wa mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 20, kwa mfano, asipite miligramu 300 kwa mara moja. Soma chupa ya dawa ya mafua pia, kwani huenda ina parasetamoli ndani yake. Ibuprofeni pia hutumika, lakini muulize daktari kwanza. Aspirini isitumiwe, kwani huzidisha kutokwa damu.

Kamwe usimkatie nusu ya tembe zako zilizobaki kabatini. Nyingine zina kodeni.

Mpe maji mara kwa mara. Akitema damu mbichi, akipumua kwa shida au akiwa mgumu kuamka, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitalini, na uibebe chupa ya dawa aliyokunywa.