Timu teule ya mtoto: Pima mwili kabla ya mfuko

TUSEME ni Jumamosi, saa nne asubuhi, na mwanao anarudi mbio kutoka uwanjani. Mkononi ana karatasi. Kocha fulani kutoka mjini amemwona akicheza kandanda na sasa anamtaka katika timu yake teule ya vijana wasiozidi miaka 13.

Karatasi hiyo ina orodha ndefu: ada ya kila mwezi, jezi, viatu, mazoezi mara tatu kwa wiki katika mji wa Meru, na safari mbili za mashindano jijini Nairobi wakati wa likizo. Chini kabisa imeandikwa kwamba nafasi ni chache.

Wewe mzazi wa Kanyakine, unayetegemea majani chai, kahawa, ndizi au maziwa ya ng'ombe wawili, utafanya nini? Ukikataa, unahofia utaua kipaji cha mtoto. Ukikubali, bonasi ya majani chai itakwisha kabla haijafika nyumbani.

Makala haya hayatakuamulia. Yatakuonyesha namna ya kupima. Na ijapokuwa wazazi wengi huanza kwa kupima mfuko, utaona kwamba cha kupimwa kwanza ni mwili wa mtoto mwenyewe.

Hesabu ya mwaka mzima

Hata hivyo, tusiipuuze hesabu ya shilingi. Kosa ambalo wazazi hufanya ni kutazama ada ya mwezi mmoja tu. Chukua kalamu uandike gharama ya mwaka mzima.

Tuseme ada ni Sh3,000 kwa mwezi. Hizo ni Sh36,000 kwa mwaka. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni Sh300, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 40. Hizo ni Sh36,000 nyingine. Ongeza Sh8,000 za jezi na viatu, na Sh20,000 za safari mbili. Jumla ni Sh100,000.

Sasa linganisha. Mnamo 2015, serikali iliweka kiwango cha juu cha karo ambayo mzazi angelipa katika shule ya kitaifa ya bweni kuwa Sh53,554 kwa mwaka. Timu ya mfano wetu, kwa hivyo, inakaribia kumeza karo ya watoto wawili. Je, ndugu zake watabaki nyumbani ili yeye acheze?

Uliza pia unanunua nini. Swali hili halituhusu sisi peke yetu. Huko Marekani, wazazi wa wasichana wanaocheza softiboli hulipa maelfu ya dola kila mwaka ili binti zao wawe katika timu teule, wakitumaini kupata ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Lakini takwimu za chama cha michezo ya vyuo cha huko, NCAA, zinaonyesha kwamba kati ya wasichana 100 wanaocheza softiboli katika shule za upili, kama 6 tu ndio hufika katika timu ya chuo. Wanaofika katika daraja la juu kabisa hawazidi 2. Tena, si kila anayefika hupata ufadhili kamili.

Hapa kwetu, mabingwa wengi hawakutokea katika timu za kulipia. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa kwenye intaneti, na mnamo 2015 akawa bingwa wa dunia huko Beijing. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa 1987, kilikuza wanakandanda kwa kuwapa pointi walipofanya usafi mtaani, na pointi hizo zikasaidia kulipa karo.

Mifupa ambayo haijakomaa

Tuje sasa kwenye mwili. Mtoto si mtu mzima mdogo. Karibu na ncha za mifupa yake kuna sehemu laini ambako mfupa hurefuka. Sehemu hizo hukauka na kufunga kuelekea mwisho wa kubalehe, kwa wasichana mapema kuliko kwa wavulana. Kabla ya hapo, ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe.

Mtoto anaporudia tendo lile lile kila siku, mwaka mzima, misuli huvuta sehemu hizo bila kuzipa nafasi ya kupona. Ndiyo sababu mvulana wa miaka 12 au 13 anayecheza kandanda sana huweza kupata uvimbe mgumu wenye maumivu chini kidogo ya kilemba cha goti. Ndiyo sababu mtoto wa miaka 10 anayekimbia kila siku huweza kulalamika kwamba kisigino kinamuuma, hasa baada ya mazoezi.

Maumivu ya aina hii mara nyingi hupoa mtoto akipunguziwa mazoezi. Hatari huja anapolazimishwa kuendelea, au anapopewa dawa ya kutuliza maumivu ili acheze fainali. Dawa huondoa uchungu, lakini jeraha hubaki pale pale na kuzidi.

Wamarekani walijifunza jambo hili kwa njia ngumu. Katika besiboli, watoto walirusha mpira mara nyingi hadi viwiko vikaharibika. Mnamo 2007, ligi ya watoto ya Little League ikaweka kikomo: mtoto wa miaka 11 au 12 asirushe zaidi ya mipira 85 kwa siku. Katika softiboli, ambako mpira hurushwa kutoka chini, watu walidhani kwamba bega haliwezi kuumia. Baadaye ilidhihirika kwamba mabega ya wasichana hao pia huumia yasipopumzishwa.

Saa zisizidi miaka

Je, mazoezi kiasi gani ni mengi mno? Kuna kipimo rahisi ambacho mzazi yeyote anaweza kukikumbuka: saa za michezo iliyopangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Mwenye miaka 12 asizidi saa 12.

Kipimo hiki kina msingi. Uchunguzi uliofanyiwa vijana karibu 1,200 katika eneo la Chicago, na kuchapishwa 2015, uligundua kwamba waliozidisha saa kuliko umri wao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata majeraha mabaya yatokanayo na kurudiarudia. Waliocheza mchezo mmoja tu mwaka mzima pia walikuwa katika hatari zaidi.

Mwaka uliofuata, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba mtoto asibanwe na mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16. Kilishauri pia apumzike siku moja au mbili kila wiki, na jumla ya miezi mitatu kila mwaka, mwezi mmoja mmoja, bila ule mchezo wake mkuu.

Lakini wewe wa Kanyakine una hesabu nyingine ya kuongeza, ambayo daktari wa Chicago hakuihitaji. Mtoto wako huenda anatembea kwenda shuleni na kurudi. Anapanda mlima na mtungi wa maji. Jumamosi anasaidia kuchuma majani chai au kukatia ng'ombe nyasi. Goti halijui tofauti kati ya kazi na mchezo. Kama unataka acheze zaidi, mpunguzie mzigo wa nyumbani. Kama huwezi, punguza mazoezi.

Tena usidhani kwamba kuchelewa kuchagua mchezo mmoja ni kupoteza bahati. David Rudisha alianza kwa mbio za mita 400 kabla ya kocha wake, Bradha Colm O'Connell wa Iten, kumhamishia mbio za mita 800. Mnamo 2012 alishinda dhahabu ya Olimpiki huko London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia.

Sahani, usingizi na hedhi

Timu teule huongeza jasho, lakini mara nyingi haiongezi chakula. Mtoto anayetoka shuleni saa kumi, akapanda matatu, akafanya mazoezi na kurudi saa mbili usiku amekula nini? Endapo pesa za githeri, maziwa, mayai na ndizi ndizo zinazolipa ada, basi unanunua mazoezi kwa kuuza mifupa.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Akilala saa tano usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, anapata saa 6 tu. Ataumia kwa urahisi, na masomo yatazorota.

Kwa msichana, kuna ishara moja ambayo mama hapaswi kuipuuza. Kama alikuwa amekwisha kuanza hedhi, kisha ikakatika kwa miezi mitatu au zaidi tangu aanze mazoezi makali, huenda mwili wake haupati nguvu ya kutosha kutokana na chakula. Mifupa hudhoofika na huweza kupata nyufa. Si dalili ya kuwa mwanariadha hodari, kama makocha wengine wanavyodai. Mpeleke kwa daktari, ambaye pia atachunguza sababu nyingine.

Maswali ya kumuuliza kocha

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda ukaonane na kocha ana kwa ana. Muulize haya:

1. Watoto hupumzika siku ngapi kwa wiki, na miezi gani katika mwaka? Akijibu kwamba bingwa hapumziki, rudi nyumbani na mtoto wako.

2. Mtoto akiumia, nani hulipa? Je, timu ina bima, au unatarajiwa kutegemea SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024? Hakikisha kwamba wewe na watoto wako mmesajiliwa.

3. Mtoto akigongwa kichwa, hufanywa nini? Jibu sahihi ni moja: hutolewa uwanjani, harudi siku hiyo, na huonwa na mhudumu wa afya.

4. Je, kuna sindano, vidonge au unga wowote ambao watoto hupewa? Kenya ina sheria dhidi ya dawa za kuongeza nguvu tangu 2016. Mtoto asimeze kitu ambacho wewe hukijui.

5. Katika safari, nani hulala na watoto, na je, mzazi anaweza kuandamana nao? Kocha mwema hatachukizwa na swali hili. Ukishuku kwamba mtoto ananyanyaswa, piga simu ya bure nambari 116.

6. Natia sahihi karatasi gani? Jihadhari na ahadi za klabu za ng'ambo. Sheria za FIFA hukataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache. Anayekuomba pesa za pasipoti ili mtoto wa miaka 14 akacheze Ulaya anataka kukutapeli. Kadhalika, akikuambia umpunguzie mtoto miaka, fahamu kwamba wanaoweza kuumia ni watoto wenye miili midogo atakaopambana nao kwa umri wa uongo.

Ni lini inafaa kulipa?

Haimaanishi kwamba timu zote za kulipia ni mbaya. Kijana wa miaka 15 au 16 ambaye mwenyewe anaipenda timu, anayefanya vyema shuleni, ambaye kocha wake amejibu maswali hayo bila kukasirika, na ambaye ada yake haigusi karo wala chakula cha ndugu zake, anaweza kufaidika. Atapata mashindano makali, marafiki na nidhamu. Isitoshe, katika mtaala mpya, wanafunzi wa Gredi ya 10 walioanza Januari 2026 wana mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kipaji sasa kina njia pia ndani ya shule.

Kwa mtoto wa chini ya umri huo, mara nyingi timu ya shule, ligi ya kijijini na mpira wa jioni na wenzake vinatosha. Mwache acheze kandanda muhula huu, voliboli muhula ujao, na akimbie wakati wa likizo. Sehemu ya pesa ulizookoa mnunulie viatu vinavyomtosha na mayai ya kila juma.

Kama tayari yumo katika timu, mtazame anapoamka Jumapili asubuhi. Anachechemea? Anauma meno akishuka ngazi? Ameanza kutafuta visingizio vya kutokwenda mazoezini, yeye aliyekuwa akilala na mpira kitandani? Mtoto anayechechemea asicheze. Maumivu yakizidi wiki mbili, au yakimwamsha usiku, mpeleke hospitali ya Kanyakine au ile ya misheni ya Consolata huko Nkubu, kabla ya kumpeleka kwa mkandaji.

Kisha, jioni moja baada ya chakula, kocha akiwa mbali na karatasi ikiwa imewekwa kando, muulize swali ambalo wazazi wengi husahau: "Mwanangu, wewe mwenyewe unataka?" Mpe muda wa kujibu. Akisema hapana, umeokoa Sh100,000. Akisema ndiyo, na hesabu ya mwili, ya shule na ya mfuko imekubali, basi lipa kwa moyo mweupe, na uende ukamtazame akicheza.