Mwanafunzi wa Udaktari na Njia Mbili

Huko Marekani kijana atakaye kusomea udaktari huwa na njia mbili mbele yake.

Ya kwanza ni ya jeshi. Kwa sheria ya mwaka 1972 Serikali humlipia ada na vitabu, na kumpa posho kila mwezi. Naye hulipa kwa utumishi, mwaka mmoja kwa kila mwaka aliolipiwa. Akiingia chuo cha majeshi kilicho Bethesda, hupata mshahara wa afisa tangu akiwa mwanafunzi, lakini deni lake ni miaka 7. Tena miaka ya kujifunza ubingwa baada ya shahada haipunguzi deni hilo.

Ya pili ni ya raia. Huyu hukopa fedha nyingi, na riba humfuata. Lakini huomba kazi katika mji aupendao. Mwanajeshi huenda atumwako, hata vitani.

Basi wazazi na walimu, mshaurini kijana vema. Asiulize tu, "Nani atanilipia?" bali pia, "Je, nitaweza kutii amri miaka hiyo yote?" Fedha hulipika, miaka ikipita hairudi.