Azazeli, Malaika Aliyefungwa Jangwani (Sehemu ya Pili)

Wasomaji wetu watakumbuka kwamba katika sehemu ya kwanza tulimwacha yule mbuzi wa Siku ya Upatanisho mkononi mwa mtu aliyewekwa tayari kumpeleka nyikani, uzi wa sufu nyekundu umefungwa kichwani pake, dhambi za Israeli zimekwisha kuungamwa juu yake na Kuhani Mkuu aliyemwekea mikono yote miwili, na kura ya Azazeli imekwisha kumwangukia. Sura ya 16 ya Mambo ya Walawi, iliyo asili ya ibada hiyo, hulitaja jina la Azazeli mara nne, wala haisemi hata mara moja mwenye jina ni nani, alitoka wapi, na kwa nini makao yake yawe jangwani. Torati ilipolinyamazia jambo hilo, waja waliokuja baadaye hawakuweza kulinyamazia.

Jawabu lao mashuhuri limo katika Kitabu cha Henoko, ambacho ni mkusanyo wa sahifa mbalimbali zilizonasibishwa na babu huyo wa saba tangu Adamu, ambaye kwa maulamaa wengi wa Kiislamu ndiye Nabii Idrisi. Sahifa ya kwanza, iitwayo Kitabu cha Walinzi, hukisiwa kuwa iliandikwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo, nayo huchukua aya chache za sura ya 6 ya Mwanzo, zile zinazotaja wana wa Mungu waliowatamani binti za wanadamu, ikazikunjua hata zikawa kisa kizima. Malaika 200, ndio hao Walinzi, yasema sahifa hiyo, walishuka zamani za Yaredi, baba yake Henoko, wakatua juu ya kilele cha Mlima Hermoni. Mkuu wao, Shemihaza, aliona hofu kabla ya kutenda, akawaambia wenziwe kwamba huenda wakarudi nyuma wakamwacha yeye peke yake abebe mzigo wa dhambi kubwa. Ndipo wote wakaapa, wakafungana kwa laana, asiwepo hata mmoja wa kujitoa. Mambo hayo yastahili kutazamwa vyema, kwa kuwa mwandishi hakutaka mtu adhani kwamba malaika hawa walighafilika au walihadaiwa: walijua, wakaogopa, wakashauriana, kisha wakatenda.

Katika orodha ya wakuu wao Azazeli, ambaye maandiko ya Kiaramu humwita Asaeli, ni wa kumi tu, na lau makosa ya walinzi yangalikuwa ni kutamani wanawake peke yake, yamkini jina lake lisingalikumbukwa na mtu. Lakini sura ya 8 humtenga na wenziwe. Wengine walifundisha uganga wa mizizi, makafara na utabiri wa nyota na mwezi; yeye aliwafundisha wanadamu kufua panga na visu, ngao na deraya, akawaonyesha madini yaliyomo ardhini na namna ya kuyafanyia kazi, akawafunza bangili na mapambo, wanja wa manga na kuremba kope, vito vya thamani na rangi za kutilia nguo. Msomaji wa haraka huona hapa vitu viwili visivyohusiana, silaha za wanaume na uzuri wa wanawake, akadhani mwandishi alichanganya. Mimi naona hakuchanganya kitu. Moto wa mhunzi ni mmoja, na jambia na bangili hutoka katika kiriba kimoja. Jiwe linalosagwa likawa wanja huchimbwa na mkono ule ule uchimbao chuma. Na mwandishi yule, aliyeishi katika nchi iliyokanyagwa mara kwa mara na majeshi ya maamiri waliougombania ufalme wa Iskandari baada ya kufa kwake mwaka 323 kabla ya Kristo, aliona kwa macho yake jinsi ngawira ya vita inavyogeuka kuwa dhahabu shingoni mwa watu wa majumba makubwa. Aliuliza elimu hiyo ilitoka kwa nani, na nani aliitoa kabla ya wakati wake na bila idhini.

Kutokana na ndoa za walinzi yakazaliwa majitu yaliyokula mazao yote ya watu, na mazao yalipokwisha yakawala watu wenyewe, hata ardhi ikapaza sauti kushitaki. Ndipo malaika wakuu walipopewa kila mmoja kazi yake, na kazi ya Azazeli akapewa Rafaeli: amfunge mikono na miguu, amtupe gizani katika shimo lililofunguliwa jangwani mahali paitwapo Dudaeli, amwekee mawe makali yenye ncha, amfunike uso asione nuru, akae humo mpaka siku ya hukumu kuu atakapotiwa motoni. Na sasa turudi kwa mbuzi wetu. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi, katika fungu liitwalo Yoma, husimulia kwamba katika zama za Hekalu la pili mbuzi huyo hakuachiliwa tu nyikani, bali alifikishwa kwenye genge, nusu ya ule uzi mwekundu ikafungwa mwambani na nusu baina ya pembe zake, kisha akasukumwa kwa nyuma, naye hakufika nusu ya mteremko ila viungo vyake vimekwisha kukatika. Jangwa ni lile lile, na mawe makali ni yale yale; tena wapo wanachuoni waliolilinganisha jina la Dudaeli na jina la mahali palipotajwa katika fungu hilo hilo la Mishna, Beth Hadudo. Aliyeandika hukumu ya Azazeli aliijua ibada ya mbuzi, nasi hatuwezi kuisoma moja tukaiacha nyingine.

Hapo ndipo penye uzito wa mas'ala haya. Rafaeli aliamriwa pia amwandikie Azazeli dhambi yote. Akiandikiwa yeye yote, mwanadamu amebakiwa na nini? Kuna faraja katika kauli hiyo, na faraja hiyo ina hatari, kwani mtu aliyeambiwa kwamba upanga ulibuniwa na shetani aweza kuuchomoa kesho bila ya haya. Nashukuru kwamba mkusanyo wenyewe haukuridhika, kwa maana katika sahifa yake ya mwisho, sura ya 98, husemwa waziwazi kwamba dhambi haikuletwa duniani, bali watu waliiumba wenyewe. Wakusanyaji waliziacha kauli zote mbili katika kitabu kimoja, nami naamini walifanya hivyo kwa busara.

Tena tusisahau kwamba katika Kitabu cha Walinzi Azazeli si shetani azungukaye akitafuta wa kumpoteza. Amefungwa. Wanaozunguka na kudhuru watu ni roho za yale majitu baada ya kufa kwao, kama isemavyo sura ya 15. Walinzi wenyewe wamekuwa maskini hata wanamwomba Henoko, mwanadamu, awaandikie dua ya msamaha, naye akaketi kando ya maji ya Dani akiisoma mpaka usingizi ukamchukua. Na jawabu alilopewa ni kwamba ilikuwapasa wao kuwaombea wanadamu, wala si wanadamu kuwaombea wao.

Kitabu cha Henoko kilikuwa na heshima kubwa hapo kale. Waraka wa Yuda katika Agano Jipya humnukuu Henoko kwa jina lake, na Tertullian wa Carthage alikitetea. Lakini baada ya Augustine kukikataa, makanisa ya magharibi yalikiacha kikapotea. Kanisa la Uhabeshi halikukiacha. Limekihifadhi chote katika lugha ya Gi'izi, kikiwa miongoni mwa vitabu vitakatifu vyake, na ni kutoka huko James Bruce wa Uskoti alikochukua nakala alizozifikisha Ulaya mwaka 1773. Vipande vya Kiaramu vilivyofukuliwa mwaka 1952 katika pango la nne la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, vilithibitisha ukale wake.

Azazeli alifunguliwa katika kitabu kingine, Ufunuo wa Ibrahimu, kilichobaki kwa lugha ya Kislavoni cha kale. Humo yeye ni ndege najisi anayeishukia sadaka ya Ibrahimu na kumshawishi akimbie, na malaika Yaoeli humkemea na kumwambia kwamba vazi alilokuwa nalo mbinguni sasa ni la Ibrahimu. Hapo amekwisha kuwa Ibilisi hasa. Na katika tafsiri za Kurani, kama ile ya Tabari, imo riwaya ya Ibn Abbas kwamba Ibilisi kabla ya kuasi aliitwa Azazili, naye alikuwa miongoni mwa malaika wenye bidii kubwa ya ibada na elimu nyingi. Lakini Sura ya Kahf humtaja kuwa ni katika majini, na maulamaa wamehitilafiana kwa ajili hiyo. Hitilafu yao, pamoja na kisa cha Haruti na Maruti waliowafundisha watu wa Babeli, ndiyo tutakayoitazama katika sehemu ya tatu, Mungu akitujalia.

(Itaendelea)