Chuma Ndani ya Tezi Dume, Kivuli Kwenye Picha

Mwaka 2023, Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoko Kahawa West jijini Nairobi, ilianza kutumia CyberKnife, mashine ya tiba ya mionzi inayobebwa na mkono wa roboti. Kwa mwanamume mwenye saratani ya tezi dume, mashine ya aina hii kwa kawaida hutanguliwa na kazi ndogo ya sindano: punje tatu au nne za dhahabu, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 3 hadi 5 na unene wa kama milimita 1, hupenyezwa ndani ya tezi. Tezi dume haitulii mahali pamoja. Kibofu kikijaa mkojo husogea, utumbo ukijaa gesi husogea tena. Dhahabu huonekana wazi kwenye eksirei, hivyo mashine hupiga eksirei tena na tena wakati wa matibabu, huzitafuta punje zile, kisha huelekeza mionzi inakotakiwa.

Matibabu yakiisha, dhahabu hubaki mwilini maisha yote. Haioti kutu wala haimuumizi mwenyewe. Lakini siku atakapolala tena kwenye mashine ya kupiga picha, pengine miaka mitano baadaye, pengine kwa ugonjwa mwingine kabisa, punje hizo zitakuwa na lao la kusema.

Jambo hili linawagusa wakazi wa Kajiado kuliko inavyodhaniwa. Kaunti hiyo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1 katika sensa ya 2019, na mji wa Kitengela pekee, ulio kando ya barabara ya kwenda Namanga, ulishapita watu 150,000. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanaume nchini Kenya. Hospitali za kaunti zilipata mashine mpya za eksirei na altrasaundi kupitia mpango wa serikali wa vifaa vya tiba ulioanza mwaka 2015, ambao ulifikia hospitali 98 nchini kote. Hata hivyo, mgonjwa anayeanzia kwenye kipimo cha damu cha PSA katika kliniki ya Kitengela mara nyingi huishia Nairobi kwa MRI, kwa sampuli ya nyama, kwa mionzi. Wengine huenda India. Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa Waziri wa Huduma za Tiba, alitangaza hadharani mwaka 2011 kwamba ana saratani ya tezi dume na akatibiwa Marekani. Ulikuwa ujasiri mkubwa katika nchi ambayo wanaume wengi walikuwa wakiuficha ugonjwa huo hata kwa wake zao.

Kwa hiyo mwili mmoja unaweza kutibiwa katika mji mmoja, ukapigwa picha katika mji wa pili, na picha yenyewe ikasomwa na daktari wa tatu ambaye hajawahi kumwona mgonjwa. Hapo ndipo kipande cha chuma kisichotajwa kinapoleta balaa.

MRI haitumii mionzi. Hutumia sumaku yenye nguvu kubwa, kwa kawaida tesla 1.5 au 3, na hutegemea uga wa sumaku ulionyooka sawasawa kote ndani ya mwili. Chembe za hidrojeni zilizomo kwenye maji na mafuta ya mwili hujipanga katika uga huo, kisha hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Metali yoyote huupindisha uga ulio jirani nayo, kama mifereji ya plau inavyopinda ikikutana na kisiki. Mahali hapo ishara hupotea na kuacha shimo jeusi, au hurundikana kando na kuwa weupe mkali, au umbo la kiungo huvutika likawa si lenyewe. Shimo hilo huwa kubwa kuliko chuma chenyewe, na humo ndani daktari haoni chochote: si nyama nzima, si uvimbe.

Si metali zote zilizo na madhara sawa. Dhahabu huupindisha uga kidogo tu, na alama yake kwenye MRI ni kidoa ambacho pengine hudhaniwa kuwa chembe ya chokaa, kwa sababu tezi za wazee wengi huwa na chokaa. Titani huzidi hapo kidogo. Chuma cha pua, hata kile kisichovutwa na sumaku, ndicho chenye kuharibu zaidi.

Titani ndiyo inayofunika mbegu za mionzi, tiba ambayo pia imewahi kufanyika katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kila mbegu ni kijiti cha milimita 4.5 kwa 0.8 chenye iodini-125 ndani yake, na mgonjwa mmoja anaweza kupandikizwa mbegu 50 hadi 100. Nguvu ya iodini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 59 hivi, hivyo mwaka ukipita imebaki kidogo sana. Maganda ya titani hayaendi popote. Wiki chache baada ya kupandikiza, daktari hutaka kuhakikisha kwamba kila mbegu imekaa mahali pake, na hapa picha mbili husaidiana: CT huonyesha mbegu zenyewe lakini mipaka ya tezi huwa haieleweki vizuri, MRI huonyesha tezi kwa ubora wa hali ya juu, huku mbegu zikiwa vitundu vyeusi. Wataalamu hulaza picha moja juu ya nyingine ndipo wapate ukweli wote.

CT ina kasoro yake tofauti. Hiyo hutumia eksirei, na metali nzito huzuia miale mingi. Kompyuta hukosa taarifa za nyuma ya punje, kisha huchora michirizi myeupe na myeusi inayotawanyika kama miale ya jua. Dhahabu, ambayo kwenye MRI ilikuwa mpole, ndiyo inayotoa michirizi mikali zaidi kuliko titani kwenye CT. Ndiyo maana swali la “kipandikizi changu kitaharibu picha?” halina jibu moja, inategemea ni metali gani na ni mashine gani.

Kuna pia wale wasio na saratani kabisa. Tezi dume hutanuka kwa uzee na kubana njia ya mkojo, na tangu 2013 wanaume wa Marekani wamekuwa wakiwekewa UroLift, vifaa vidogo vinavyovuta nyama ya tezi pembeni ili mkojo upite. Kila kimoja kina kipande cha chuma cha pua upande wa njia ya mkojo, uzi wa poliesta, na kishikizo cha nje cha mchanganyiko wa nikeli na titani. Mtu mmoja huweza kuwa na vinne au vitano. Mkenya aliyewekewa hivyo ughaibuni, kisha akarudi kujenga na kustaafia Kitengela, anabeba metali katikati ya kiungo ambacho PSA yake ikipanda ndicho kitakachotakiwa kuchunguzwa. Kwa bahati njema, weusi wa vifaa hivi huangukia zaidi sehemu ya kati ya tezi, ilhali saratani nyingi huota sehemu ya nje, upande wa nyuma. Uvimbe wa mbele au wa kati ndio unaoweza kujificha.

Tukisema kweli, kwa wanaume wengi wa Kajiado chuma kinachosumbua picha hakimo ndani ya tezi. Kimo kwenye nyonga. Ajali za magari na bodaboda kwenye barabara za Namanga na Mombasa zimewaacha watu wengi wakiwa na vyuma kwenye mifupa ya paja na fupanyonga. Wazee wengine wamebadilishiwa viungo vya nyonga. Viungo hivyo viko sentimita chache tu kutoka kwenye tezi. Zikiwa nyonga mbili za chuma, CT huweza kuchora ukanda mweusi unaovuka fupanyonga kutoka upande mmoja hadi mwingine, na tezi dume iko katikati ya ukanda huo.

Kwenye MRI, kinachoumia kwanza ni ile sehemu ya uchunguzi inayopima jinsi maji yanavyotembea kati ya seli. Seli za saratani hubanana, maji hukosa nafasi, na eneo hilo huwaka kwenye picha. Kwa sehemu ya nje ya tezi, madaktari huipa picha hii uzito kuliko nyingine zote. Lakini hupigwa kwa kasi kubwa mno, na ndiyo nyepesi kuliko zote kuvurugwa na uga uliopinda. Hata gesi iliyo kwenye utumbo mpana hutosha kuivuruga, na ndiyo sababu mgonjwa hushauriwa kwenda haja kubwa kabla ya kuingia.

Njia za kupunguza madhara zipo, na nyingi ni maamuzi ya mtaalamu wa picha kabla hajabonyeza kitufe. Anaweza kumpeleka mgonjwa kwenye mashine ya tesla 1.5 badala ya 3, kwa kuwa upotovu huongezeka kadiri sumaku inavyokuwa na nguvu. Anaweza kuchagua namna za kupiga picha zinazostahimili metali, au kuigawa ile picha ya maji ipigwe kwa vipande. Asipoweza kuiokoa, daktari huegemea zaidi picha zinazopigwa baada ya kudungwa dawa ya kung'arisha mishipa. Kwenye CT kuna programu za kufuta michirizi. Hata PET-CT, picha inayounganisha CT na ile ya dawa yenye mionzi iliyodungwa mwilini, inayopatikana katika Hospitali ya Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, inaweza kuonyesha mwako wa uongo karibu na metali, kwa kuwa hesabu zake husahihishwa kwa kutumia CT. Daktari anayejua hilo hukagua pia picha ambazo hazijasahihishwa.

Yote hayo yanahitaji mtu ajue mapema kwamba chuma kipo. Karibu kila chumba cha MRI huanza na swali: “Mzee, una chuma chochote mwilini?” Wengi huwaza bangili na saa, na mzee wa Kimaasai huvua shanga zake, jambo la lazima kwa sababu nyingine zimefungwa kwa waya. Punje za dhahabu za miaka minne iliyopita hazimjii akilini. Pengine hata hakuelezwa vizuri wakati ule, au alielezwa kwa lugha asiyoielewa na mwanawe aliyemsindikiza hakuwa chumbani.

Anachohitaji kubeba ni karatasi moja: jina la kifaa, metali yake, idadi, tarehe na hospitali iliyokiweka. Vifaa kama UroLift huja na kadi ya mgonjwa, na aliyepoteza yake anaweza kuomba nakala ya ripoti ya upasuaji. Aliyetibiwa India aombe muhtasari wa matibabu kabla ya kupanda ndege, pamoja na picha zenyewe kwenye diski. Karatasi ikikosekana kabisa, eksirei ya kawaida ya fupanyonga, inayoweza kupigwa papo hapo Kajiado bila safari ya Nairobi, huonyesha metali iliyopo na mahali ilipo, na hiyo inatosha kumpa mtaalamu wa MRI pa kuanzia.