"Ni uzee tu": neno linalowanyima wazee wetu tiba

Msimu wa mavuno ukifika, Ubaruku hailali. Mashine za kukoboa mpunga hunguruma tangu alfajiri, malori hupanga foleni, na kila mwenye nguvu yuko majarubani au sokoni. Ni katika pilikapilika hizo ndipo bibi yetu, ambaye umri wake ulikaribia miaka 80, alipoanza kuwaita watu waliokwisha kufariki. Usiku mmoja alimwita mumewe, aliyezikwa miaka mingi nyuma. Kesho yake hakumtambua binti yake aliyemletea uji. Aliposimama kuswali Adhuhuri, akairudia Alhamdu mara nne, kisha akaketi akilia.

Tulimpeleka kwenye kituo cha matibabu, tukaambiwa: "Ni uzee tu, mrudisheni nyumbani." Jirani mmoja akasema ni majini. Mwingine, kwa sauti ya chini, akataja uchawi. Aliyeuliza swali la maana alikuwa mjukuu wake, mwanafunzi wa udaktari aliyekuja likizo.

"Yameanza lini haya?"

"Juzi tu, hazijatimia siku tatu."

"Basi, mama, uzee hauji kwa siku tatu."

Safari hii bibi alipimwa. Alikutwa na maambukizi katika njia ya mkojo, na mwili wake ulikuwa umepungukiwa maji. Alipewa dawa, akanyweshwa, na haikupita wiki mbili akawa anahesabu rakaa zake mwenyewe. Alhamdulillah. Sisi tulibaki na aibu: tulikuwa karibu kumwacha afe kwa neno moja jepesi.

Ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu haikutuficha jambo hili. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 54, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ametuumba katika udhaifu, akatupa nguvu, kisha baada ya nguvu huja udhaifu na mvi. Naye Mtume (s.a.w.) alipohimiza watu kutafuta tiba, alifundisha kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa, isipokuwa ukongwe. Baadhi yetu huishia kwenye neno la mwisho, tukakata tamaa. Lakini mafundisho hayo yanatenganisha mambo mawili: ukongwe hauna dawa, ila magonjwa yanayomkuta mkongwe yanayo. Kazi ya tabibu ni kujua lipi ni lipi.

Wanazuoni wetu wa tiba walilifahamu hilo mapema. Ibn al-Jazzar wa Qayrawan, aliyeishi katika karne ya 10, aliandika juu ya afya ya wazee, na Ibn Sina katika Al-Qanun aliweka sehemu inayoeleza namna ya kuwatunza. Katika zama hizi, mwaka 1909 daktari Ignatz Nascher wa New York ndiye aliyeipa tiba ya wazee jina lake la kitaalamu. Kuanzia mwaka 1935, huko London, Dk. Marjory Warren alikabidhiwa wagonjwa wengi wazee waliokuwa wamelazwa bila matumaini. Aliwachunguza mmoja mmoja, na wengi walioitwa wasiotibika wakainuka, baadhi wakarejea makwao.

Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kusoma vitabu peke yake. Ndiyo maana huko Marekani, tangu miaka ya 1990, kumekuwa na mpango wa kuwachukua wanafunzi wa udaktari wakati wa likizo ya kiangazi, kwa wiki 8 hadi 12, wakafanya utafiti juu ya uzee chini ya msimamizi. Lengo ni kumfikia kijana mapema, kabla hajachagua ubingwa na kabla moyo wake haujazoea kusema "ni uzee tu".

Hapa kwetu mfano upo Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2009 na 2010, watafiti wa Hospitali ya KCMC na wenzao wa Uingereza, akiwamo Profesa Richard Walker, waliwafikia watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita. Baada ya hesabu, walikadiria kuwa asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, uitwao demensia. Katika kazi zilizofuata Hai, wanafunzi wa udaktari kutoka Newcastle nao wameshiriki.

Watafiti walikabiliwa na tatizo moja: vipimo vya Ulaya humtaka mzee aandike na achore, hali wazee wetu wengi hawakushika kalamu ya shule. Wakatengeneza kipimo kingine. Mzee hutajiwa maneno 10 na baadaye hutakiwa kuyakumbuka. Huulizwa daraja ni kitu gani. Hutakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo. Huonyeshwa njiti za kiberiti zilizopangwa, naye apange kama hizo. Kwa njia hiyo hapimwi elimu yake ya darasani, bali hupimwa akili aliyojaaliwa na Mola wake.

Tofauti iliyomwokoa bibi yetu ndiyo somo la kwanza kwa kijana wa tiba. Demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mchafuko wa akili unaokuja kwa saa au siku chache ni dharura: chanzo chaweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji, sukari kushuka, au dawa. Kutokujua hayo kuna gharama kubwa. Katika nchi yetu wapo vikongwe waliouawa kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo moshi wa kuni ulikuwa umeyachoma miaka na miaka.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania wapatao milioni 2.5 wenye miaka 60 na zaidi. Ile ya mwaka 2022 ikawakuta karibu milioni 3.5. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Lakini dirisha bila mjuzi nyuma yake ni tundu la ukutani tu.

Mbeya kuna Chuo cha Sayansi za Afya kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Bonde la Usangu liko katika mkoa huohuo. Likizo ndefu ya wanafunzi yaweza kuwa darasa, iwapo kutakuwa na msimamizi, kibali cha maadili ya utafiti, na ridhaa ya mzee mwenyewe. Misikiti yetu, ambayo inawajua wazee wake kwa majina, ndiyo ingekuwa mlango wa kwanza kubisha.

Nasi wa nyumbani tuna wajibu wetu. Mzee akibadilika ghafla, tuandike siku na saa yalipoanza. Tukienda hospitali, tubebe dawa zake zote, pamoja na za mitishamba. Aliyekuwa akiswali kwa kusimama akianza kuswali ameketi, tuulize kwa nini. Mahali pake pa kutilia udhu pasiteleze. Na kabla ya Ramadhani, mwenye kisukari au shinikizo la damu amwone daktari. Sheria imempa mkongwe asiyeweza kufunga njia ya fidia.

Surat Al-Israa, aya ya 23, inatukataza hata kuwaguna wazazi wetu wanapofikia uzee. Kumwambia tabibu kuwa mama amezeeka tu, na kumrudisha kitandani bila kupimwa, huenda ni guno zito kuliko hilo. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Amin.